UZI: Saga za wasichana wa shamba wa Uingereza wakati wa vita. Kilichopotea si mchumba peke yake

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Kuna aina ya riwaya sijaona ikijadiliwa humu hata siku moja: saga za Kiingereza za Vita vya Pili vya Dunia, za wasichana wa mjini waliopelekwa mashambani wakati wanaume wako vitani, na wachumba wao waliokwenda wasirudi. Jalada lake ukiliona unalitambua. Msichana kajifunga kitambaa kichwani, sweta la kijani, nyuma yake ngano imeiva, angani ndege tatu. Wahakiki wa huko kwao hawahangaiki nazo. Wasomaji wake wengi ni akina mama wa makamo na vikongwe, na wengi wao hawanunui, wanaazima maktaba. Na hizo maktaba si jambo dogo: Catherine Cookson, mama wa saga za kaskazini mwa Uingereza, aliongoza orodha ya waandishi wanaoazimwa zaidi nchini humo kwa miaka 17.

Mimi nilizijulia kazini. Mwaka 2009 nilikuwa mashariki mwa Uingereza, natunza wazee kwenye makao yao. Katika zamu zangu za usiku kulikuwa na bibi mmoja wa miaka 86, macho yamekwisha, kila siku kabla ya kulala ananitaka nimsomee kurasa kumi. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani. Nikamsomea hivyohivyo, naye akininyoosha matamshi kwa upole, kitabu baada ya kitabu.

Usiku mmoja tukafika mahali msichana wa kwenye riwaya anawasha trekta. Mwandishi kaandika kwamba alikamata hendeli kwa nguvu zake zote, akaizungusha, injini ikaitika. Bibi akanisimamisha. Akautoa mkono chini ya blanketi, akakunja vidole vinne, na dole gumba akalilaza upande uleule wa vidole vinne. Hakulizungusha kwa upande wa pili kama mtu anavyoshika mpini wa jembe. Akanieleza kwamba trekta la Fordson likigoma kuwaka huirudisha hendeli kinyumenyume kama teke la punda, na dole gumba likiwa upande wa pili linavunjika. Pengine na kifundo cha mkono. Aliyeandika hajawahi kuwasha trekta, akasema. Kisha akaniambia niendelee.

Ndipo nikajua nimekaa na mtu aliyetoka ndani ya kitabu. Kwenye droo yake kulikuwa na beji aliyopewa na serikali mwaka uliotangulia, 2008. Yaani zaidi ya miaka 60 tangu afanye kazi yenyewe.

Tangu hapo nimesoma saga kama arobaini hivi, na nina jambo moja la kusema juu yake. Watu hudhani "mapenzi yaliyopotea" kwenye hadithi hizi ni yule kijana wa ndege. Mimi nasema kilichopotea kwa uchungu zaidi ni shamba, na yule mtu ambaye msichana alikuwa alipokuwa shambani. Nitaeleza, nipeni muda.

#2

Mkuu tiririka, tupo. Ila wengine historia yake hatuijui kabisa, anza mwanzo.

#3 (mwanzisha uzi)

Sawa, kwa ufupi.

Kabla ya vita Uingereza ilikuwa inaagiza sehemu kubwa ya chakula chake kwa meli. Nyambizi za Wajerumani zikianza kuzamisha meli, maana yake ni njaa. Kwa hiyo mwaka 1939 serikali ikaamua malisho yageuzwe mashamba, mkulima akilipwa pauni 2 kwa kila ekari ya majani aliyoilima. Sasa nani alime, na vijana wanavaa magwanda?

Jeshi la Wanawake la Mashambani lilikuwapo tangu vita vya kwanza. Liliundwa 1917, likavunjwa 1919. Juni 1939 likafufuliwa chini ya Lady Denman, na makao makuu yake yakawa nyumbani kwake, Balcombe Place, Sussex. Mwanzoni ilikuwa hiari. Desemba 1941 ikapita sheria ya kuwaita kazini wanawake wasioolewa wa miaka 20 hadi 30, na shamba likawa moja ya njia za kutimiza wajibu huo. Mwaka 1943 walikuwa zaidi ya 80,000. Ukihesabu wote hadi jeshi linavunjwa, Novemba 1950, walipita 200,000. Kama theluthi moja walitoka London na miji ya viwanda ya kaskazini: wauza maduka, wachapa taipu, wasusi, watu ambao ng'ombe walimwona kwenye picha.

Mshahara wa mwanzo ulikuwa shilingi 28 kwa wiki ya saa 48, wakati mwanaume wa shambani alipata 38. Nusu ya hizo 28 iliishia kwenye chakula na malazi. Kwa mkulima anayekaa nao vizuri ilikuwa afadhali. Kwa mkulima mkorofi, msichana alikula chakula baridi na kulala chumba kisicho na moto, na kurudi kwao hawezi.

Kukamua walifundishwa kwa mfuko wa turubai wenye chuchu za mpira, umejazwa maji. Fikiria msichana wa miaka 18 kutoka Leeds anakaa kwenye kigoda, anakamua maji kutoka kwenye turubai, kesho yake anapewa ng'ombe wa kweli mwenye mkia na hasira. Bibi yangu wa kule makaoni alikuwa bado anaweza kuonesha ule mwendo wa vidole: unafunga juu kwanza, halafu unashuka kidole baada ya kidole. Hukamui kwa kuvuta.

Majira ya baridi ilikuwa kuchuma vile vikabichi vidogo vya Brussels, kila kimoja kina barafu, na ukivaa glavu huwezi kukishika. Lakini wengi walioandika kumbukumbu zao wanasema kazi mbaya kuliko zote ilikuwa mashine ya kupura. Vumbi na makapi yanaingia machoni, kooni, ndani ya nguo. Halafu rundo la ngano likikaribia kwisha, panya waliojificha chini wanatoka wote kwa mara moja. Kabla ya kuanza, msichana alijifunga kamba kila mguu, chini ya goti, panya wasipande ndani ya suruali. Ishikeni hiyo kamba, nitairudia.

#5

Naomba niulize bila kuudhi mtu. Bibi zetu wamelima maisha yao yote, na mimba tumboni, na mtoto mgongoni, na hakuna aliyewapa beji wala sweta la kijani wala kuwaandikia saga. Binti wa kizungu kalima miaka mitano, kaandikiwa vitabu maktaba nzima. Haya yanatuhusu nini?

#6 (mwanzisha uzi)

Dada yangu, swali lako ni la haki na nimekaa nalo miaka mingi.

Kwanza, ile kamba. Ngano wakati ule ilivunwa kwa mashine inayokata, inakusanya mabua, inayafunga kamba katikati na kutupa mganda pembeni. Wasichana wanakuja nyuma, kila mmoja anaokota miganda miwili, mmoja kila kwapa, anaisimamisha ikiegemeana, sita au minane pamoja, upepo upite katikati ikauke. Mikono inachanika mpaka kwenye kiwiko. Saga zote zina picha hii, ndiyo picha yao ya mapenzi: jua linazama, miganda imesimama mistari, na kijana amekuja likizo ya siku mbili.

Kamba inayofunga miganda, ndiyo hiyo waliyojifunga miguuni, ilikuwa ya katani. Na Tanganyika ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa katani. Mapema 1942 Wajapani walipochukua Ufilipino na Java, nyuzi za huko zikakatika, na mkonge wa Tanganyika na Kenya ukawa tegemeo, hadi serikali ya kikoloni ikawa inakamata watu kwa nguvu na kuwapeleka mashambani kukata. Kwa hiyo ule mganda ambao msichana wa Leeds ameukumbatia kwapani, kiunoni umefungwa na jasho la mtu wa kwetu au wa jirani yetu. Kwenye saga arobaini sijaona hata moja inayouliza kamba imetoka wapi.

Pili, kuhusu bibi zetu. Umesema kweli tupu. Ila hatukunyimwa na hao wasichana. Na wao walinyimwa vilevile, nitafika huko. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu fulani, miaka hamsini baadaye, alikaa na bibi yake akamwuliza: ulishikaje hendeli? Sisi hatukuuliza. Nikiwemo mimi.

#8

Naongezea kwenye katani kwa sababu mimi ni mtoto wa shamba la mkonge, wilaya ya Korogwe. Babu alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba. Kazi yake ilihesabiwa kwa kipande, siku 30 za kazi zilizojaa ndiyo kipande kimekwisha, na siku ambayo hukumaliza idadi ya matita yako haiandikwi. Jani la mkonge lina mwiba nchani, ukiinama vibaya unaingia jichoni. Majani yanapelekwa korona, yaani kwenye mashine ya kukwangulia, yanakwanguliwa, singa zinatoka kijani zinanuka, zinaanikwa kwenye nyaya mpaka zinakuwa nyeupe, zinapigwa brashi, zinafungwa robota. Wanawake walikuwa kwenye kuanika. Bibi alisema uwanja wa kuanikia ukiuangalia asubuhi na mapema ni kama watu wengi wenye mvi wamesimama mistari. Hakuna aliyetuambia robota linakwenda wapi. Tulijua tu linakwenda Tanga, na meli.

#9 (mwanzisha uzi)

Mkuu wa #8, nimesoma post yako mara tatu. "Watu wenye mvi wamesimama mistari." Huku miganda imesimama mistari, huko katani imesimama mistari. Hiyo ndiyo saga, na mwenye kuiandika ni wewe.

#11

Turudi kwenye mapenzi, ndiyo yaliyonileta. Anakufa kweli, au ni zile za kurudi ukurasa wa mwisho?

#12 (mwanzisha uzi)

Haya, mapenzi.

Mpango wa saga hizi unajulikana. Wasichana watatu kutoka matabaka tofauti, wanakutana hosteli au kwenye nyumba ya mkulima. Mmoja wa kitajiri, mmoja wa mtaa wa maskini, mmoja ana siri. Mkulima mkali mwenye moyo. Mke wake asiyewapenda, halafu anawapenda. Kila mmoja ana mtu wake vitani, na mwandishi anajua tangu mwanzo nani atapelekewa telegramu.

Kupoteza kwenyewe kuko kwa namna nyingi, na kila namna ina ukweli wake nje ya kitabu.

Kuna wa ndege. Mashariki mwa Uingereza viwanja vya ndege za mabomu vilijaa katikati ya mashamba hayohayo. Msichana anahesabu ndege zikipaa jioni, alfajiri yuko zizini anakamua, paji la uso kalilaza kwenye ubavu wa ng'ombe kwa ajili ya joto, anahesabu zikirudi. Waandishi hawaongezi chumvi hapa. Katika watu kama 125,000 walioruka na kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, walikufa 55,573. Karibu nusu. Mchumba wa ndege, kwa hesabu tupu, ulikuwa ni uchumba na mtu ambaye pengine hayupo wiki ijayo.

Kuna wa Singapore, na huyu ndiye ananiumiza zaidi. Mji ule ulianguka Februari 1942, askari makumi ya maelfu wakatekwa na Wajapani. Familia nyingi hazikusikia chochote kwa zaidi ya mwaka. Telegramu haisemi amekufa, inasema hajulikani alipo. Neno hilo linakaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Huwezi kuweka matanga. Huwezi kukubali posa nyingine. Halafu siku moja inakuja kadi yenye maneno machache yaliyokwisha kupigwa chapa, na jina lake chini kwa mwandiko wake. Kadi imechukua miezi njiani. Alikuwa hai siku alipoiandika, ndicho tu inachothibitisha.

Na kuna mateka. Waitaliano waliletwa mashambani Uingereza kuanzia 1941, Wajerumani wakaja wengi baadaye. Ndugu wa Kenya mnawajua hao Waitaliano, wenzao ndio waliojenga kile kikanisa kidogo cha Mai Mahiu walipokuwa wakitengeneza barabara ya bondeni. Mateka wa Kijerumani na msichana wa Kiingereza wanafanya kazi shamba moja, wanapeana sigara, wanafundishana maneno, na sheria inawakataza hata urafiki. Katazo la kuzoeana liliondolewa Desemba 1946, ndoa zikaruhusiwa 1947. Wapo waliongoja mpaka siku hiyo wakaoana. Kwa wengine, kijana alirudishwa kwao kabla ruhusa haijatoka, na barua zikakoma. Saga inayoandika hili vizuri haiwaoneshi wakibusiana ghalani. Inaonesha jinsi ambavyo majirani wa msichana, ambao watoto wao wameuawa na watu wa yule kijana, wanaacha kumwuzia mayai. Wana sababu, na yeye ana sababu.

Sasa jibu lako. Kurudi ukurasa wa mwisho kupo, tena kwingi. Sikulaumu ukikupenda, mimi mwenyewe nimelia kwa furaha kwenye basi. Lakini vitabu nilivyovihifadhi mimi ni vile ambavyo havikumrudisha.

#13

Kumbe hata mayai. Hapo umenigusa mkuu.

#14

Ulisema na wao walinyimwa. Walinyimwa nini? Na bibi yule, hakuwahi kulia mlipokuwa mkisoma?

#15 (mwanzisha uzi)

Nilikuwa nakuja huko.

Walipewa jina la jeshi lakini hawakuhesabiwa askari. Vita vilipokaribia kwisha serikali ikapanga kiinua mgongo na mafunzo kwa waliotumikia majeshini, na wasichana wa shamba wakaachwa nje. Lady Denman, ambaye kwa miaka yote hiyo aliliendesha jeshi lile kutoka nyumbani kwake, alijiuzulu Februari 1945 kwa kupinga hilo. Sanamu ya kuwakumbuka pale Alrewas, Staffordshire, ilizinduliwa 2014. Bibi yule wa makaoni alikuwa amekwisha kufariki.

Msichana alipoachishwa alirudisha sare. Aliruhusiwa kubaki na viatu na koti la baridi, na koti lenyewe kwa sharti lipakwe rangi ya buluu, lisionekane tena kuwa ni la jeshi lile.

Hicho ndicho alicholilia.

Tulikuwa tumesoma riwaya nne pamoja. Katika zote nne telegramu ilifika, na mara zote alisikiliza ametulia tu, mikono juu ya blanketi. Mchumba wake mwenyewe alikuwa mpiga bunduki wa mkiani kwenye ndege ya mabomu na alikufa 1944. Alinisimulia hilo kama mtu anavyosimulia hali ya hewa. Si kwamba alikuwa amesahau, alikuwa amekwisha kulilia mahali pengine, zamani. Riwaya ya nne, karibu na mwisho, kuna sura fupi ambayo mwandishi nadhani aliiweka ya kupitia tu. Vita vimekwisha, mwanaume mwenye kazi yake amerudi shambani, msichana anakunja suruali za kodrai, anaziweka kwenye sanduku la kurudisha, halafu anakwenda kuliweka koti lake kwenye pipa la rangi. Analisukuma chini kwa kijiti. Linapanda. Analisukuma tena.

Niliposoma hapo nikasikia pumzi yake imebadilika. Nikaacha. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Nikamfuta. Baadaye, taa imekwisha kuzimwa, akaniambia kwamba yeye alijua kulima kwa mstari ulionyooka kuliko mwanaume yeyote wa kijiji kile. Kwamba alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anajua kazi ya siku nzima, na hakuna aliyemwambia cha kufanya. Kisha akarudi mjini kwao, akaolewa na mtu mwema, akauza soksi dukani miaka ishirini. Kuhusu yule mwema hakuwa na neno baya hata moja. Alisema tu kwamba kila Agosti alikuwa akinusa ngano kwenye mtaa wa lami.

Kwa hiyo mtu akiniambia saga hizi ni hadithi za kumlilia mwanaume, namwambia soma tena. Mchumba alichukuliwa na vita. Kilichochukuliwa na amani ni kingine, na hakikuletewa telegramu.

Nikishika saga mpya siku hizi nakwenda kwanza sura za mwisho kutazama: je, mwandishi amekumbuka sare? Kama msichana anavuka tu kutoka shambani hadi kanisani na pete kidoleni, na shamba halitajwi tena, namrudisha mwandishi kabatini. Mikono iliyokamua miaka sita haiwezi kusahau katika aya moja.

#16

Nimesoma hii kwenye daladala nimepitiliza kituo. Asante mkuu.

#17

Mimi naomba kuchangia upande wetu, maana mada imenikumbusha meli ambayo haizungumzwi. Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa mapema Februari 1944 kwenda Colombo, imebeba askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi na wengine. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga. Ilizama ndani ya dakika chache. Walikufa watu 1,297. Na la kutisha zaidi, nyambizi ilijificha chini mahali waliosalimika walipokuwa wakielea, na manowari za Uingereza zikalazimika kudondosha mabomu ya majini palepale ili kuiua, wenzao wakiwa ndani ya maji.

Sasa fikiria nyumbani kwa hao askari wetu wa keya, kama walivyoitwa askari wa kikoloni wa Afrika Mashariki. Uingereza kijana wa posta anakuja na baiskeli. Huku ni nani aliyekuja? Wengi hawakujua kusoma, wengi majina yao yaliandikwa na karani vile alivyosikia. Mwanamke analima shamba la mume ambaye yuko chini ya bahari, na hajui. Msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wanarudi waliopigana Bama (Burma), anakwenda stesheni kutazama. Mwandishi gani atatuandikia stesheni hiyo?

#18

Aisee. Wilaya yetu wazee walioitwa keya walikuwa wengi na hii meli naisikia leo.

#19 (mwanzisha uzi)

Mkuu wa #17, nimekaa na post yako tangu jana, sijaweza kujibu.

Niseme kitu ambacho sikukusudia kukisema kwenye uzi huu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Muheza. Kabla ya babu alikuwa amechumbiwa na kijana mwingine, na mahari ilikuwa imekwisha kutolewa nusu. Huyo kijana alichukuliwa keya. Hakurudi. Ndugu zake walilima, yeye akalima kwao kama mkwe asiyeolewa, misimu mitatu kama wewe ulivyoandika. Ndipo wazee wakakaa, mahari ikarudishwa, na babu akaja. Haya yote nimeyapata kwa mama, vipandevipande. Bibi mwenyewe hakuyataja kamwe.

Ila alikuwa na jambo moja. Mtu yeyote akija kuaga kwamba anasafiri kwenda Mombasa, awe mjukuu, awe muuza vitumbua, bibi alimwuliza: "Utafika bandarini?" Ukisema ndiyo, anaitikia, "Haya." Ukisema hapana, anaitikia vilevile, "Haya." Halafu anaendelea na kazi aliyokuwa nayo mikononi, kuchambua mchele, kupepeta, chochote. Sisi watoto tulidhani anataka kuagiza samaki.

Sidai alikuwa kwenye meli ile. Keya waliondokea Mombasa kwa meli nyingi na vita vilikuwa na njia nyingi za kumpoteza mtu. Ila nilikwenda Uingereza nikamsomea bibi wa watu usiku kwa usiku, nikajua alivyoshika hendeli na alivyolilia koti. Wangu aliniuliza habari za bandari mara zisizohesabika, nami nikamjibu ndiyo au hapana.

Mama mkubwa bado yupo Muheza, ana miaka 81, kichwa chake kizima. Desemba nakwenda na daftari. Nitaanza na jina la yule kijana, maana hata jina sikuwahi kuuliza.